Uji wa alfajiri wodini: hesabu zinazouweka uso bila mikunjo

Biblia yetu inasema Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu (2 Wakorintho 9:7). Neno hilo lina asili ya kazi za mikono. Ukunjufu unatokana na kukunjua, kama mkeka au shuka, na kinyume chake ni kukunja, pamoja na kukunja uso. Katika kuratibu huduma ya uji kwa wagonjwa wa hospitali kila Jumamosi, kwenye jumuiya ndogo ya Kikristo ya nyumba nane hapa Kigoma, nimeona kwamba imani ya watu haipungui kwa urahisi. Kinachowakunja ni usingizi wa saa kumi usiku, moshi, uji ulioungua, na mtu kupewa zamu mara tatu wakati jirani hajapewa hata moja. Mambo hayo manne yana dawa, na dawa yake ni hesabu.

Naanza na unga, kwa sababu ndiko michango hugeuka kuwa deni. Tuliacha kuitisha fedha. Kila nyumba inayosonga ugali hutoa kiganja kimoja cha unga kabla ya kuchota wa chakula chao, na kukiweka kwenye kopo lenye mfuniko. Kabla ndilo neno la kushika: ukisubiri kutoa kilichobaki, hakibaki. Kiganja cha mtu mzima kikijaa vizuri ni gramu 45 hivi. Kwa siku saba hizo ni gramu 315, na kwa nyumba nane zikitoa zote ni kilo mbili na nusu. Sufuria ya wiki inahitaji kilo mbili, kwa hiyo hata nyumba moja ikishindwa hakuna atakayejua, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Unga wa muhogo hatuuchanganyi, ingawa nyumba nyingi hapa hula ugali wake. Uji wake hunata kama gundi ukishapoa, na muhogo mchungu usioloweka vya kutosha hubaki na sumu ambayo si ya kumpelekea mgonjwa. Nyumba zinazokula muhogo huleta karanga, sukari au mkaa. Nao unga wa dona usikae kwenye kopo zaidi ya wiki mbili. Kiini cha punje kilichosagwa ndani yake kina mafuta, na mafuta hayo huchacha. Utausikia ulimini kabla hujauona kwa macho. Karanga huchambuliwa moja moja mchana, penye mwanga. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi hutupwa, hata kuku asipewe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha.

Kwa vikombe 60 vya mililita 300 natumia unga wa mahindi kilo moja na nusu, ulezi nusu kilo, karanga zilizokaangwa na kusagwa nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai, ndimu tano na maji lita 19. Maziwa siweki. Huharibika upesi yakishachanganywa, na safari ya kwenda wodini ina joto lake. Sukari robo tatu kilo hubaki kwenye mfuko wake hadi wodini.

Maji lita 14 huchemshwa kwenye sufuria mbili juu ya majiko mawili, lita saba kila moja. Sufuria moja kubwa juu ya jiko moja huchukua zaidi ya saa, na hapo ndipo mpishi anapoanza kunung'unika. Mkaa sado tatu unatosha. Lita tano zilizobaki, za baridi, ndizo za kukorogea unga, na hapa ndipo wengi hukosea. Unga mkavu ukiangukia maji ya moto, sehemu ya nje ya kila donge dogo huiva papo hapo na kufungia unga mbichi ndani. Hilo ndilo bonge, na mwiko hauliondoi. Koroga kwenye maji baridi mpaka uwe kama maziwa, kisha mimina kwenye yanayochemka huku mwenzako akizungusha mwiko mpaka chini kabisa. Dakika kumi za kwanza mwiko usisimame. Unga ambao haujaiva huzama, ukigusa chini huungua, na harufu ya kuungua hupanda kwenye sufuria nzima. Ukishasikia harufu hiyo usikwangue. Hamishia uji wa juu kwenye sufuria nyingine na uache ukoko ulipo.

Ukishachemka, punguza moto uive dakika 20 nyingine. Kabla ya kuweka karanga, chota lita tatu uziweke kwenye chupa ya chai iliyofungwa uzi mwekundu shingoni. Huo ni uji wa wale ambao karanga huwadhuru na wale ambao nesi amesema wapunguziwe vitu fulani. Karanga huingia dakika kumi za mwisho, ndimu baada ya kuepua.

Uji hupikwa mwepesi kuliko unavyoutaka, kwa kuwa utaongezeka uzito njiani. Ukizidi uzito, usikimbilie kuongeza maji, maana utapunguza lishe ya mtu ambaye pengine hatakula kingine mpaka mchana. Uache upoe kidogo, mkono uweze kushika kikombe bila kuungua, kisha koroga vijiko viwili vya unga wa kimea cha ulezi. Kimea huvunjavunja wanga na uji hulegea baada ya dakika chache. Uchemshe tena ndipo uubebe, kwa sababu kimea chenyewe ni kibichi.

Uji hauendi kwa bodaboda. Bajaji inafaa, sufuria ikikaa sakafuni juu ya ngata, vidole vinne vikiwa wazi juu ya uji, mfuniko umefungwa kwa kanga. Na ndoo za rangi zisitumike hata zikioshwa mara kumi. Plastiki yake haikutengenezwa kubeba chakula cha moto.

Sasa zamu, ambazo ndizo zilizotusumbua kuliko uji. Manung'uniko juu ya ugawaji wa chakula si mageni kanisani. Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na mitume hawakuwahubiria watu uvumilivu. Waliwaambia wachague watu saba na wakakabidhi kazi. Nasi tuliandika ratiba. Nyumba mbili kwa kila Jumamosi, kila nyumba mara moja kwa wiki nne. Anayeshindwa hutoa taarifa siku mbili kabla na haulizwi sababu. Kipengele hicho cha mwisho kilipingwa sana na wazee wa jumuiya, wakisema watu watakwepa. Naona kinyume chake: mtu akijua hatahojiwa, hasubiri mpaka Ijumaa usiku kusema hawezi.

Ratiba ya Kigoma pia lazima iutazame mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti. Nyumba za wavuvi wa Kibirizi na Katonga zina fedha wakati wa giza, na zina muda wakati wa mbalamwezi. Kwa hiyo wakati wa giza huleta sukari, wakati wa mbalamwezi hupika. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tuliwapa zamu za kupika na kuwaondolea michango kabisa. Mratibu ambaye hajui nyumba ipi inategemea nyavu na ipi inategemea mshahara atawaumiza watu huku akiwasomea Injili.

Na watoto wa nyumba inayopika hunywa kwanza. Nasema hivi kwa ukali kidogo. Mtoto anayeamshwa na harufu ya uji, akaona sufuria inatoka mlangoni naye akaachiwa chai ya rangi, hujifunza kwamba kanisa ni kitu kinachompora. Vikombe vinne vya watoto vimo kwenye hesabu ya 60.

Ruhusa ya kuingia wodini huombwa kwa barua ya jumuiya, lakini kila Jumamosi bado unaanza mezani kwa nesi wa zamu, sufuria ikiwa imefunikwa. Maswali ni matatu. Nani hatakiwi kula wala kunywa? Mgonjwa anayesubiri upasuaji akinywa uji unaweza kumtoka tumboni na kuingia kwenye mapafu akiwa amepewa dawa ya usingizi. Kikombe cha huruma kinaweza kumwua, au kwa uchache kikaahirisha upasuaji aliousubiri kwa siku nyingi. Nani hatakiwi sukari? Na nani hawezi kumeza vizuri? Aliyepooza upande mmoja hanyweshwi na sisi. Tunamkabidhi nesi au ndugu aliyeelekezwa, na hanyweshwi akiwa amelala chali. Majibu huandikwa kwa namba za vitanda kwenye karatasi, na karatasi huchanwa tukitoka. Ugonjwa wa mtu si habari ya kuleta kwenye sala ya jumuiya.

Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa kikombe cha kwanza. Mmoja anachota, mmoja anapeleka, na anayepeleka ndiye anayeamkia. "Shikamoo bibi, tumekuletea uji, una karanga na ulezi. Tukuwekee sukari?" Hapo pametosha. Kusema kilichomo ni heshima kwa mgonjwa na ni usalama kwake. Usikae kitandani kwake. Usiulize anaumwa nini. Na tafadhali usimsimulie shangazi yako aliyekuwa na uvimbe kama huo.

Kuhusu kuomba, Kigoma hii yenye Ujiji ndani yake, mji wa kale wenye Waislamu wengi, haina wodi ya Wakristo peke yao. Tunauliza, "Tukuombee?" Akisema hapana, tunamtakia nafuu na kusogea kitanda kinachofuata kwa uso uleule. Akisema ndiyo, sala isizidi dakika moja na sauti isivuke kitanda chake. Mwezi wa Ramadhani wagonjwa wengi hunywa kwa kuwa wana ruhusa ya kutofunga, lakini ndugu wanaowauguza huwa wamefunga, na kuwapitishia sufuria puani asubuhi si uungwana. Mwezi huo tunahamisha nusu ya uji jioni, muda wa wageni, ili uwakute wakati wa kufuturu. Uji wa jioni hupikwa jioni. Uliobaki asubuhi haurudi wodini ikishapita saa nne. Hunywewa na wapishi au humwagwa.

Picha hatupigi. Mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume (Mathayo 6:3), na simu iko mkono wa kushoto. Kuna sababu nyingine ya kawaida zaidi: mtu aliyevaa shuka la wodi hakuchagua kuonekana hivyo.

Jambo la nauli lilijitokeza lenyewe. Mgonjwa aliyeruhusiwa, aliyetoka mwambao wa Kalya au vijijini Uvinza, anaweza kukaa kwenye benchi siku mbili akisubiri ndugu atume fedha. Tuna mfuko mdogo wa hilo, na kanuni yake ni kwamba watu wawili huenda naye mpaka stendi au ufukweni na kumkatia tiketi. Hatumpi fedha mkononi, na hatukopeshi. Mkopo wodini huzaa mdaiwa anayejificha ukimkuta sokoni Mwanga, nawe unapoteza fedha na jirani kwa pamoja. Mfuko ukiwa mtupu, tunasema ni mtupu. Ahadi ya "tutaangalia" humfanya mtu asimpigie simu mjomba ambaye angeweza kumsaidia siku hiyohiyo, kwa hiyo hiyo ni ahadi mbaya kuliko hapana.

Kuna Jumamosi ambapo anayepika ana msiba moyoni, au amegombana na mwenzake wa zamu. Hapo simwambii achangamke. Nampa kazi ya kuchota, isiyohitaji maneno, na wa pili ndiye anayezungumza na wagonjwa. Kazi ya mikono ina namna yake ya kumkunjua mtu, ila haiamrishwi, na akirudi nyumbani bado amenuna, wagonjwa wamekunywa vilevile.

Kuosha sufuria ni kazi ya nyumba inayopokea zamu inayofuata. Anayepika ameamka saa kumi usiku. Ukimwachia na ukoko, mara ya pili ataomba udhuru. Ukoko hulowekwa kwa maji ya moto na majivu kidogo tangu asubuhi, na jioni hutoka kwa mwiko wa mti bila kukwaruza. Sufuria hukabidhiwa pamoja na miiko miwili, upawa mmoja, chupa yenye uzi mwekundu na vikombe. Vikombe huhesabiwa ili tujue vya kununua. Kila mwezi hupungua viwili au vitatu, kwa sababu kuna mgonjwa anayeruhusiwa bila kuwa na cha kunywea nyumbani. Hatuulizi vimekwenda wapi. Vikombe vitatu vya plastiki vimo kwenye orodha ya manunuzi, mstari mmoja chini ya ndimu.