Bamvua la Aprili Mida: wanaoondoka na wanaoingia

Nauli ya Mombasa hadi Gede ilipandishwa mara mbili kabla matatu haijajaa, kisa Pasaka, na mvua ya masika ikatukuta Kilifi. Tuyaache hayo. Anayekwenda Mida mwezi wa Aprili hafuati starehe, anafuata maji, na ndege wahamao wanaosogezwa na maji hayo.

Hori la Mida, kati ya Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke, lina mlango mwembamba baharini, kwa hiyo maji ya ndani huchelewa kujaa na kupwa kuliko ya ufukweni. Majedwali ya maji ya Mombasa yanakupa saa za Kilindini, bandarini Mombasa, si za Mida. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, pwani hii hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Saa nne ndipo wageni wengi huletwa, na hapana wakati mbaya kuliko huo: tope limeachwa wazi hadi mbali, ndege wametawanyika, jua liko usoni, na mazigazi yanauchezesha kila mdomo mrefu ukaonekana mfupi. Siku za maji mafu, bahari ijaapo na kupwa kidogo tu, nazo hazifai, maana maji hayafuniki tope la kutosha kuwasogeza ndege karibu.

Basi uwe umeshaketi mwisho wa daraja la mbao, ndani ya mikoko, saa saba na nusu. Jua litakuwa mgongoni. Darubini ya 8x42 inatosha kwa kutafuta, lakini kuhesabu kunataka darubini kubwa ya miguu mitatu, nayo isivutwe zaidi ya mara 30 mchana, kwani ukikuza ndege umekuza na mazigazi. Miguu ya darubini isimame juu ya nguzo, si katikati ya ubao. Mtu mmoja akitembea nyuma yako picha yote inatikisika. Anayeshuka topeni avae viatu vya kufungwa, kwa sababu chaza walioshika mizizi ya mikoko hukata unyayo kama wembe.

Kijana aliyetuongoza alinyoosha kidole kwenye mkoko mmoja uliosimama peke yake. "Ndugu yangu, maji yakigusa shina la ule, weka darubini chini. Watakuja wenyewe."

Walikuja. Wa kwanza walikuwa vitwitwi wenye mdomo uliopinda chini, Calidris ferruginea, ambao tangu Oktoba ni wa kijivu na hakuna anayewajali, na Aprili wamevaa wekundu wa matofali kwa safari ya Siberia ya kaskazini. Wote hawafiki wekundu huo siku moja, na hapo ndipo wanaoanza hukosea wakidhani wanaona aina tatu. Kitwitwi mwingine, Xenus cinereus, ni rahisi kumtambua: mdomo umepinda juu, miguu ya rangi ya machungwa, na hukimbiza kaa kama aliyeibiwa. Sululu wako wawili: mdogo ana mistari kichwani na mdomo unaopinda ghafla karibu na ncha; mkubwa hana mistari, na mdomo wake hauishi.

Kazi iko kwa ndege wawili wa mchangani wanaofanana, mkubwa, Anarhynchus leschenaultii (zamani Charadrius), na mwenzake mdogo. Usitazame ukubwa, ndege akiwa peke yake ukubwa hudanganya. Pima mdomo kwa macho: ukiwa mfupi na butu, usiozidi nafasi kati ya mzizi wa mdomo na jicho, huyo ni mdogo, ukizidi nafasi hiyo na kuchongoka, ni mkubwa. Miguu ya mdogo huwa myeusi, ya mkubwa ina ukijani, ila tope hufanya yote kuwa rangi moja, kwa hiyo subiri aingie majini aoshe. Dume la mdogo mwezi wa Aprili lina paji jeusi na kifua chekundu kipana.

Kisha wakatokea Dromas ardeola, weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Hawa hawaendi Siberia. Huzalia pwani zenye joto upande wa Uarabuni na Ghuba, ndani ya mashimo wanayochimba mchangani, na yai lao huwa jeupe tupu, kwa kuwa gizani halihitaji madoa ya kujificha. Tulikuwa tumefika nusu ya kundi, tukihesabu kwa makumi, boti yenye injini ilipoingia. Watalii walikuwa wamelipia picha za ndege wakiruka, na nahodha akawapa walicholipia, mara tatu. Hesabu ikafa. Hilo dogo. Ndege hawa wako katika wiki za kujinenepesha, na kila anaporushwa huchoma mafuta aliyokusudia kuvukia bahari. Boti ina nafasi yake Mida: izime injini mbali, isukumwe kwa upondo, isimame kabla kundi halijainua shingo zote pamoja. Shingo zikiinuka, umeshachelewa.

Jua liliposhuka, vitwitwi wapatao arubaini walianza kupiga kelele isiyo ya kuogopa. Wakapaa, wakazunguka hori huku wakijipanga mstari, wengine wakarudi chini, waliobaki wakazidi kupanda kuelekea kaskazini-mashariki. Ndivyo kuondoka kunavyotambulika: jioni, makelele, mzunguko, na kimo kinachoongezeka. Kundi linalohama tu pa kulala huruka chini na kimya.

Nairobi tuna keremkerem wanaopita juu mwezi huohuo, wakisikika kabla ya kuonekana, na hakuna anayenyanyua kichwa. Sifa zote zimekwenda Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 ndege wanaoshuka kusini huvishwa pete usiku wa ukungu, Novemba na Desemba. Safari ya kurudi haina mahali pake maarufu, na nadhani hori hili linastahili.

Sabaki, kaskazini mwa Malindi, tulipita haraka; mvua, bodaboda ghali, na viboko mdomoni mwa mto ambao hawataki ukaribu. Huko wakaanza kuonekana ndege waitwao Glareola ocularis kutoka Madagaska, wakikamata wadudu angani kama mbayuwayu. Wao wanaingia kungojea majira ya baridi ya kusini yapite, wakati wenzao wa kaskazini wanafunga safari.

Anayetaka orodha yake ya ndege itumike aiweke Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya. Kadi kamili, yaani orodha inayokubalika kuwa kamili, inahitaji angalau saa mbili ndani ya mraba mmoja wa dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, takriban kilomita 9 kila upande, na unaweza kuendelea kuijaza hadi siku 5. Andika na mavazi, yaani rangi za manyoya: wangapi wekundu, wangapi bado kijivu. Wengi wa kijivu ni wa mwaka wa kwanza, hawataondoka mwaka huu, na ukiwakuta hapo Juni usifute ukidhani umekosea.