Maji ya injini nyuzi -40, na mimi niko Temeke

Kilichonitia shaka ni feni. Nawasha gari alfajiri, injini ya baridi kabisa, na feni ya rejeta inaanza kuvuma hapohapo, haikomi mpaka nizime. Kuwaka kwenyewe kwa taabu: inazungusha, inazungusha, ndipo inashika. Na taa ya injini imekodoa macho kwenye dashibodi.

Nina kakifaa ka OBD2 ka bei rahisi; unakachomeka chini ya usukani, kanaongea na simu. Kakaleta kodi P0118, yaani namba ya hitilafu. Nikafungua vipimo vya injini: joto la maji, nyuzi -40. Jasho linanitoka, gari linadai maji yameganda.

Fundi wa jirani hakuona haja ya kufungua boneti. "Sensa ya kupima joto la maji imekufa, kaka. Nenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani kachukue nyingine, nakufungia sasa hivi." Nikamwambia tupime kwanza. P0118 haisemi sensa imekufa. Inasema volti inayosomwa na kontroboksi, kompyuta ya injini, iko juu mno, na hilo hutokea njia ikikatika popote, iwe ndani ya sensa, kwenye soketi au kwenye waya.

Sensa hii ina nyaya mbili: mmoja unaleta volti 5 kutoka kontroboksi, wa pili ni hasi inayorudi hukohuko. Maji yakiwa baridi ukinzani wa sensa huwa mkubwa, yakichemka unashuka. Njia ikikatika, gari kama langu husoma -40. Nyaya zikipiga shoti, husoma 140 hivi. Na kontroboksi isipojua joto, huwasha feni moja kwa moja kuilinda injini. Ndiyo ile kelele ya alfajiri.

Nikachomoa soketi, nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikaunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya. Nyaya zingekuwa nzima, simu ingeruka mpaka 140. Ikaganda palepale -40. Sensa imechomolewa, haina kazi yoyote, na ugonjwa bado upo! Fundi akasogea karibu.

Tukashika multimita, kile kipima umeme. Tundu la kwanza kwa hasi ya betri: volti 5. Tundu la kwanza kwa la pili: sifuri. Basi waya wa hasi ndio uliokatika. Ila hasi ile haiihudumii sensa hii peke yake, inagawana na sensa ya joto la hewa na ya throto, mlango wa hewa ya injini. Nikatazama simu: hewa nyuzi 31, throto inapanda na kushuka ninavyokanyaga. Kwa hiyo shina la hasi halina tatizo, tawi la sensa hii ndilo limevunjika, na tawi lenyewe halifiki hata mita moja. Hapo nilitulia, kufumua nyaya zote za injini ni kazi nisiyomtakia mtu.

Nikachana tepu nyeusi kuanzia kwenye soketi, nikiuvuta waya wa kahawia kidogokidogo. Shaba nzima haivutiki. Karibu na sinia la betri waya ukarefuka mkononi: plastiki ipo, ndani patupu. Kuupasua, ukamwaga unga wa kijani. Kando yake kulikuwa na kiungo cha zamani, kimesokotwa na kuzungushiwa tepu bila kuchomewa risasi, mahali hasa maji ya kuoshea injini yanapotuama.

Kuunga nilimwachia fundi, mkono wake kwenye risasi ni mwepesi kuliko wangu. Alikata mpaka kwenye shaba nyekundu, akaweka kipande kipya cha unene uleule, akavalisha mpira unaosinyaa kwa moto, kisha tukaupitisha waya juu, mbali na sinia.

Tulifuta kodi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, maji yalisoma 28 na hewa 28, jambo unalolitarajia kwa gari lililolala usiku kucha. Injini ilishika mara moja, feni kimya, ikasubiri mpaka maji yapite nyuzi 90 ndipo ikazunguka kidogo na kuzima. Sensa ni ileile ya zamani. Fundi nilimlipa ya kuunga waya, na sasa anataka nimwazime kale kakifaa.