Flashi ya madesa

Jumamosi moja ya mwaka 2022 nilikwenda Upanga kwa dada mmoja aliyenitangulia kazini, flashi ya madesa, yaani notisi na maswali ya kujisomea, ikiwa mfukoni. Giga 12. Nilikuwa nimejiandikisha kufanya PLAB 1, mtihani wa kwanza kwa daktari aliyesomea nje na anayetaka kusajiliwa na General Medical Council, baraza la madaktari la Uingereza: maswali 180 kwa saa 3, yaani dakika moja kwa swali. Kila swali lina majibu matano, na lazima uchague lililo bora kuliko mengine. Ukikosa hukatwi alama. Yeye alishaufaulu, nilitaka tu anionyeshe nianzie faili lipi.

"Mdogo wangu," akasema baada ya kuyatazama, "hili ni ghala, si maktaba."

Hakuanza kusoma chochote. Alichukua karatasi akaandika mada chache ambazo miongozo ya Uingereza imebadilika karibuni, au inatofautiana na tunavyofanya wodini kwetu. Nikaambiwa niitafute kila mada ndani ya kila faili. Desa likikosea mara mbili, linafutwa.

Ya kwanza ilikuwa anafilaksia, ule mzio wa ghafla unaobana koo na kushusha presha. Faili lililosambazwa kuliko yote, la maswali yaliyokaririwa na watahiniwa waliotoka mtihanini, lilisema adrenalini, kisha haidrokotisoni na piritoni. Ndivyo nilivyofundishwa hata mimi. Lakini mwezi Mei 2021 Resuscitation Council UK, chombo kinachoandika miongozo ya kuokoa maisha Uingereza, iliziondoa hizo mbili kwenye matibabu ya mwanzo, kwa sababu zinamchelewesha mtu kurudia ile dawa inayookoa. Mtu mzima anachomwa mikrogramu 500 za adrenalini, yaani nusu mililita ya 1:1000, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Dakika 5 zikipita bila nafuu, unarudia. Mtunga maswali anajua kwamba jibu la zamani bado limo vichwani mwetu, basi analiweka palepale kama chambo. Faili lile halikuwa na tarehe wala jina la mwandishi. Na hata lingekuwa sahihi, kutoa maswali ya mtihani nje ni udanganyifu unaoweza kumfikisha daktari mbele ya baraza la madaktari. Likafutwa kabla ya kosa la pili.

Mada ya pili ilikuwa dripu ya mtoto aliye kwenye shoku. Mafaili matatu yalisema mililita 20 kwa kilo; miongozo ya 2021 ilishaishusha hadi 10 kwa kilo, kisha unampima upya kabla ya kuongeza. Hapo tulipoteza muda tukibishana, maana sisi wa huku tahadhari hiyo tuliijua mapema. Utafiti wa FEAST, ambao Muheza ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulichapishwa 2011: kati ya watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika, waliopewa maji ya haraka walikufa takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, na wasiopewa asilimia 7.3. Mimi nilitaka kujibu kwa FEAST. Dada akanikumbusha kwamba mtoto wa kwenye swali amelazwa hospitali ya Uingereza.

Kwenye presha ya kupanda madesa mengi yaliishia kuchagua dawa kwa umri tu, chini au juu ya miaka 55, bila kuangalia asili ya mgonjwa wala kisukari. Mwafrika wa miaka 40 asiye na kisukari anaanzishiwa amlodipini. Mtu huyohuyo akiwa na kisukari aina ya pili, jibu linahamia kwenye kundi la losatani.

Benki ya maswali ya Kimarekani niliyokuwa nimeilipia ilikuwa na maelezo mazuri kuliko yote, ila vipimo vyake vya sukari ni miligramu kwa desilita. Unagawanya kwa 18 kupata milimoli, na ndani ya dakika moja hesabu hiyo inakula muda. Tukaibakiza kwa fiziolojia peke yake.

Kilichopona: benki moja ya maswali ya Uingereza inayoonyesha tarehe ya kila marekebisho, miongozo ya NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, inayopatikana bure, na maswali ya mfano ya baraza la madaktari lenyewe. Akanipangia maswali 60 kwa dakika 60, kisha kwa kila kosa niandike mstari mmoja tu: sikujua, au nilisoma vibaya. Makosa yangu mengi yalikuwa ya aina ya pili. Swali linauliza hatua inayofuata, mimi najibu tiba ya kudumu. Maswali 180 tuliyafungia pembeni bila kuyagusa, kwa ajili ya moko, mtihani wa majaribio, wiki mbili kabla ya mtihani wenyewe, kwa kuwa ukirudia swali ulilokwisha kuliona, alama inapanda hata kama hujaelewa.

Saa kumi na moja jioni flashi ilibaki na mafaili mawili. Moja la ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi yake bado inakwenda milimita 25 kwa sekunde. La pili la magonjwa ya ngozi, picha zote za wazungu. Nikanyoosha mkono kulifuta, akanizuia. Miaka yote ile wodini nilikuwa nimejifunza kuona vipele kwenye ngozi nyeusi, na wekundu unaotajwa vitabuni sikuwahi kuuona hata siku moja.