Sufuria moja

Aprili 2024, Mto Mathare, hapa Nairobi, ulipofurika usiku, maji yalinifika kiunoni. Jiko, meza ya chapati, unga wa wiki nzima, vyote vilikwenda. Asubuhi nikakuta sufuria moja tu, imejaa matope pomoni. Nililia, sitaficha. Jirani yangu, ambaye hata godoro hakubaki nalo, akaja na majani ya chai mkononi: "Dada, tuchemshe maji kwanza." Nikaisugua ile sufuria kwa mchanga mpaka ikang'aa. Tangu siku hiyo, kila alfajiri nachagua kuanza na kilichopo, hata moyo ukigoma (na hugoma, jamani). Leo tumesukuma chapati 60, mimi na yeye. Kufikia saa tatu asubuhi, zote zilikuwa zimeisha.