Belo moja, karakana nne: tulivyoshirikiana Gikomba

Karakana yangu ya ushonaji jijini Nairobi hutengeneza mikoba na aproni kwa jinzi zilizochakaa, ambazo kwa muda mrefu nilizinunua moja moja katika soko la mitumba la Gikomba, kwa bei isiyotabirika. Kazi ilitulia tulipokaa pamoja watu wanne: mimi, mama mmoja anayefungua mabelo, yaani marobota ya mitumba, fundi anayekata matambara ya gereji na mtengenezaji wa mito.

Tulikubaliana kwamba belo la kilo 45 lipangwe siku ile ile linapofunguliwa, kabla nguo hazijakanyagwa wala kulowa, kwa kuwa nguo yenye tope hakuna anayeitaka. Mama huyo hutoa kwanza kamera, yaani nguo bora kabisa, kisha zile za bei ya kawaida. Masalio, ambayo zamani yangeuzwa fagia, yaani kwa bei ya chini kabisa, au kutupwa kando ya Mto Nairobi, ndiyo tunayogawana. Fulana za pamba huenda kwenye matambara kwa sababu hunyonya grisi, sweta hupasuliwa kujazia mito, nami huchukua jinzi. Zipu na vifungo ninavyobandua huwauzia mafundi cherehani wa pale pale sokoni, wanaorekebisha suruali za wateja.

Nguo ikitutatiza, tunachomoa uzi kwenye mshono wa ndani na kuuwasha kwa kiberiti: wa pamba huungua ukinuka karatasi na kuacha majivu laini, ilhali wa poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kitone kigumu.

Kwa maoni yangu, kilichoushikilia ushirikiano huu ni malipo ya kijana anayepanga nguo, ambayo sasa tunachangia sote kwa kadiri ya kilo anazochukua kila mmoja. Awali gharama hiyo ilimwangukia mama peke yake, naye hakuwa na sababu ya kupoteza asubuhi nzima akichambua nguo zisizomlipa.

Zipo nguo ambazo bado hatuna pa kuzipeleka, hasa zile zilizochanganya pamba, poliesta na nyuzi za kunyumbuka, na hizo huishia kwenye jaa la taka la Dandora. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mzalishaji awajibikie bidhaa anazoziingiza sokoni. Ningependa sana waagizaji wa mabelo nao waketi nasi, wachangie gharama ya kupanga na ya kutafutia masalio hayo kazi.