Jina lililoingia na maziwa

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wa jumuiya.

Wiki hii nimeumia, na aliyeniumiza ni mwanangu mwenyewe mwenye mwaka mmoja na miezi minne. Jumanne nilirudi kutoka kazini Mtumba, hapa Dodoma, saa moja na nusu usiku, vumbi la Agosti limenijaa mpaka kwenye kope, nikanyoosha mikono nimpokee. Akaficha uso. Akajibana kwenye mgongo wa binti anayetusaidia nyumbani, khanga ameikamata kwa vidole vyote. Nikajaribu tena, akalia. Kina mama mnakijua kilio kile. Nami badala ya kwenda kulia mbele za Mungu, nikamgeukia yule binti: "Umemdekeza mtoto mpaka hanitaki." Hakujibu. Alimfungua mgongoni, akaniwekea mikononi vilevile akilia, akaenda jikoni.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nahesabu. Sheria ilinipa siku 84 za likizo ya uzazi, nikazimaliza zote. Baada ya hapo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, lakini kutoka Mtumba mpaka kwetu Nkuhungu na kurudi, saa hizo mbili zinaishia njiani. Kwa hiyo tangu akiwa na miezi mitatu, mwanangu mchana amekunywa maziwa niliyoyakamua usiku, akinyweshwa na mkono wa mwingine. Nikamwambia Mungu: basi nimeshamkosa.

Alhamisi tukamkumbuka Mtakatifu Monika, Ijumaa mwanae Augustino. Tumezoea kuhubiriwa machozi ya Monika, namna alivyomlilia kijana wake miaka na miaka, naye akamdanganya na kupanda meli usiku kwenda Roma, akamwacha mama ufukweni akisali. Hayo mnayajua. Mimi mwaka huu nimeshikwa na neno dogo ambalo Augustino mwenyewe analisema katika Maungamo, kitabu alichosimulia maisha yake. Alikuwa na miaka 19 hivi, mwanafunzi kule Carthage, akasoma kitabu cha Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi, kinachohimiza kuipenda hekima. Moyo ukawaka. Lakini anasema kitu kimoja kilimpunguzia ule moto: jina la Kristo halikuwamo. Jina hilo, anasema, moyo wake mchanga ulilinywa pamoja na maziwa ya mama, ukalihifadhi ndani kabisa, na andiko lolote lisilokuwa nalo, hata liwe la kisomi na lililopambwa vipi, halikuweza kumchukua mzima mzima.

Mtu huyu alizaliwa Thagaste mwaka 354, Afrika hii hii, Algeria ya leo. Baba yake, Patrisi, hakuwa Mkristo wakati huo. Augustino alitangatanga kwa Wamani, wafuasi wa dini ya Mani, miaka tisa, akawa mwalimu wa ufasaha Milano, akabatizwa na Ambrosi, askofu wa huko, Pasaka ya mwaka 387, na baadaye akawa askofu wa Hippo ambaye Kanisa linamsoma hadi leo. Akili ile kubwa ilikuwa inapima kila kitabu kwa ladha iliyoonja kabla haijajua kusoma! Daudi naye alisema Mungu alimtumainisha matitini mwa mama yake.

Nilipofika hapo nikazidi kuumia, maana mwanangu mimi anaonja kwa nani?

Alhamisi hiyo kichwa kilinigonga, nikaruhusiwa kutoka mapema. Nimefika mlangoni nasikia wimbo wa Kigogo, wa taratibu, kisha kimya. Nikachungulia. Binti ameshika bakuli la uji wa ulezi, na kabla ya kijiko cha kwanza anauchukua mkono wa mwanangu, anaupeleka kwenye paji la uso, kifuani, bega hili na bega hili. Mtoto akasema, "Amina." Mimi sijamfundisha. Nilikuwa nasubiri akue.

Ndugu zangu, niliegemea ukuta nikalia. Nikakumbuka kwamba Augustino hamtaji mama peke yake. Anasema mama yake na walezi waliomnyonyesha hawakujijazia maziwa wenyewe, ni Mungu aliyemlisha kupitia wao. Na anaposimulia malezi ya Monika, anasema Monika alikuwa akimsifu kwa adabu aliyoipata si mama mzazi sana, bali mjakazi mmoja mzee aliyekuwa amembeba baba yake Monika mgongoni, kama wasichana wanavyobeba watoto. Mgongoni! Nyuma ya Augustino kuna Monika, na nyuma ya Monika kuna mtumishi ambaye hata jina hatukuachiwa.

Sasa niseme linalotuuma, kina mama, mimi nikiwa wa kwanza. Binti tunayemkabidhi roho ya mtoto anakula amesimama jikoni sisi tukishamaliza. Jumapili tunavaa vitenge vyetu vya WAWATA, umoja wetu wanawake Wakatoliki, yeye tunamwachia beseni la nguo. Mshahara wetu ukichelewa siku mbili tunanung'unika, wake tunauvuta mpaka tarehe ishirini. Akikosea tunamtukana mbele ya mtoto, mtoto anasikia. Tunataka mwanetu anyonye upendo kwa mtu tuliyemnyima upendo, utatoka wapi? Mke wa Naamani alimsikiliza kijakazi wake, na mumewe akapona ukoma. Sisi tunawasikiliza lini? Kina baba, nanyi mpo katika jumuiya hii. Mtoto anayemficha mama uso jioni, baba anamwona saa ngapi?

Na wewe mama unayejilaumu usiku kama mimi, usiku ule ule ni wako. Mnyonyeshe simu ikiwa mbali. Mtajie lile Jina sikioni, hata akiwa amesinzia. Mungu aliyesema kwa Isaya kwamba mama aweza kumsahau anyonyaye lakini Yeye hatatusahau, anajua daladala zetu.

Ijumaa jioni nilimwomba yule binti msamaha, nimeketi naye jikoni. Alilia kidogo. Nikamuuliza wimbo ule aliupata wapi. Akasema alikuwa akiimbiwa na bibi yake, kijijini Mpwapwa, akiwa mgongoni.

Jumapili hii misa ya kwanza anakwenda yeye. Mtoto nitabaki naye mimi, na ubeti wa kwanza wa ule wimbo ameshanifundisha.