Kila Chakula na Saa Yake

Mwaka jana shemeji yangu, mume wa dada yangu anayeishi Nakuru, alikuja Mombasa kwa semina ya kazi, akalala siku nne katika hoteli moja ya ufuoni. Alipopita nyumbani kutuaga nilimwuliza ameonaje chakula cha pwani, naye akanijibu kwa upole, kama mgeni asiyetaka kumuudhi mwenyeji, kwamba ni kizuri lakini hakuona tofauti kubwa na cha kwao. Jioni ya mwisho alikuwa amejinunulia samaki aliyeandikwa kwenye orodha kuwa ni wa kupaka, kwa shilingi 1,800. Alipokuwa akinieleza mchuzi wake ulivyokuwa, mweupe, mtamu kidogo, usio na ndimu wala harufu ya moshi, nilitambua kwamba samaki yule hakupakwa kitu, alimwagiwa tu. Jambo hilo lilinikaa rohoni kwa miezi, kwa sababu mtu wangu wa karibu alikuwa amefika mjini kwetu akaondoka bila kuonja kile tunachokula sisi kila siku, kwa pesa zisizofika robo ya zile alizolipa.

Mwezi wa Februari alirudi, safari hii kwa matembezi yake mwenyewe, akateremka kwenye treni Miritini usiku. Nilimwomba anipe siku moja nzima, nami nikampa masharti mawili: hatutaingia mahali penye kitambaa mezani, na hatutakula chakula chochote nje ya saa yake.

Sharti la pili ndilo lililohitaji kuelezwa. Ukitaka kula vizuri na kwa bei nafuu Mombasa, usijiulize mkahawa gani ni mzuri. Jiulize sasa ni saa ngapi. Mama anayepika mbaazi hapiki pilau. Ikifika saa tatu asubuhi sufuria yake imekwisha kuoshwa na kufudikizwa, na jioni mahali pale pale huenda ukamkuta mtu mwingine mwenye karai la mafuta, ambaye naye hajui habari za mbaazi. Kila mmoja ana kitu chake kimoja, anakinunua asubuhi, anakipika, kinamalizika, na kesho anaanza upya. Hakuna friji ya kulipia umeme, hakuna kiporo cha kuficha ndani ya mchuzi mpya, na mara nyingi hakuna kodi, maana anauzia kwenye baraza ya nyumba yake. Bei inashuka kwa sababu hizo, na kwa imani yangu ladha inapanda kwa sababu hizo hizo, kwani mkono uliokoroga sufuria moja kwa miaka thelathini haukosei.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu, Majengo, kwa bibi ambaye nimekuwa nikinunua mbaazi kwake tangu nilipokuwa mtoto wa darasa la pili nikitumwa na bakuli.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na mgeni?”

“Ni shemeji yangu, atoka Nakuru.”

“Karibu, baba. Keti hapo panapopita upepo, mbaazi bado zaiva.”

Nilifurahi kwamba zilikuwa bado, kwa kuwa shemeji alipata kuona kazi yenyewe. Mbaazi hulowekwa usiku kucha, zikachemshwa alfajiri kwa maji mengi hadi zilainike pasipo kupondeka. Kisha hutiwa tui la pili, lile jepesi, pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, ili itoe harufu bila kuwaunguza watoto. Mwisho kabisa huingia kasimile, tui zito la kwanza, na hapo mwiko hauachwi, kwa sababu kasimile ikichemka bila kukorogwa tui hukatika, mafuta yakajitenga juu na sufuria nzima ikaharibika. Bibi alikuwa akikoroga kwa mkono wa kulia taratibu, akiuzungusha mwiko upande mmoja tu, na kwa mkono wa kushoto akipokea pesa, akirudisha chenji na kupanga mabakuli ya majirani kwa zamu, wala sikumwona akitazama sufuria. Alisikiliza. Mchuzi ulipobadilisha sauti, kutoka mtokoto wa maji hadi ule mzito wa pole pole, aliinua sufuria jikoni mwenyewe.

Mahamri yalikuwa yamefunikwa kwa kitambaa ndani ya beseni. Shemeji alitaka kulichovya zima, bibi akamzuia: “Limege kwanza, baba, mvuke utoke.” Hamri lililoumuka vizuri ni tupu ndani, kwa kuwa linapotumbukia katika mafuta yenye moto wa kutosha hufura na kugeuka lenyewe, na ndani ya uwazi ule ndimo inamofungika harufu ya iliki na ya tui lililokandiwa unga. Ukilimega karibu na pua unaipata yote mara moja. Tulikula mahamri manane kwa shilingi 80, mbaazi za shilingi 100, na chai ya maziwa ya shilingi 40. Ni kweli kwamba hamri la shilingi 10 la leo ni dogo kuliko nililolijua utotoni. Unga umepanda, mafuta yamepanda, na bibi amechagua kupunguza ukubwa kuliko kuongeza bei ambayo watoto wa shule wasingeimudu. Namwelewa, na sijawahi kumsikia mteja akimlaumu.

Baada ya hapo tulitembea hadi Marikiti, Barabara ya Digo, na kupitapita kwenye maduka ya viungo. Huko hatukula kitu.

Saa sita na nusu nilimpeleka kwenye hoteli niliyomwahidi. Wasomaji wa bara wajue kwamba hoteli kwetu si lazima iwe mahali pa kulala. Hii ina meza sita, mabenchi, birika la kunawia mkono mlangoni, na mpishi anayepika wali wa nazi na samaki basi. Nilikuwa nimechagua Februari ikiwa katikati ya kaskazi, upepo ambao bahari yake huwa tulivu na mashua ndogo hutoka na kurudi na changu, tafi na kolekole. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, maji huchafuka, wavuvi wengi hukaa nchi kavu, na samaki huadimika na kupanda bei. Hoteli ya uaminifu inakwambia wazi kwamba leo hakuna samaki, kuna maharagwe ya nazi. Mahali ambapo kila samaki yupo kila siku ya mwaka, mimi huagiza maharagwe.

Changu wa kupaka alikuwa akichomwa uani, juu ya makaa, amepasuliwa mbavu ili viungo vipenye. Kando yake palikuwa na sufuria ndogo ya tui zito lililopikwa na kitunguu thomu, tangawizi, manjano, pilipili na ukwaju hadi likawa kama uji. Mpishi alimpaka samaki upande mmoja, akamgeuza, akampaka wa pili, akamrudisha motoni, akampaka tena. Kila rangi ilipokauka ilishika moshi, na matone yaliyodondokea makaa yalipandisha harufu iliyowafanya watu wa meza zote wageuke. Hakuna kitu kingine kinachostahili jina hilo. Shemeji alisimama mlangoni pa ua kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akasema, “Kumbe kupaka ni kupaka.” Alikula kwa mkono, mfupa kwa mfupa, akamalizia na kijisahani cha mchicha wa nazi aliowekewa pasipo kuuagiza. Wawili tulilipa shilingi 700, na hicho ndicho kilichokuwa chakula chetu cha bei kubwa kuliko vyote siku hiyo.

Alasiri, jua lilipoanza kulegea, tuliingia Mji wa Kale. Karibu na Ngome ya Yesu yuko kijana anayekaanga viazi karai, vilivyopewa jina la chombo chake. Kiazi huchemshwa, hukatwa vipande, huchovywa kwenye rojo la unga lenye manjano na chumvi, kisha hutupwa kwenye mafuta hadi ganda livimbe na kukwaruza ulimi kidogo, na juu yake humiminwa ukwaju wa pilipili. Shemeji aliniuliza kama hiki nacho ni chakula cha asili cha Waswahili, na nikaona swali lake ni la haki, hasa tukiwa tumesimama chini ya kuta zile. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, na ni katika enzi zao ambapo muhogo na pilipili zilifika Afrika kwa merikebu, kutoka Amerika. Kiazi chenyewe asili yake ni huko huko ng’ambo. Mbaazi tulizokula asubuhi zina asili yake Bara Hindi, na neno chapati lina asili hiyo hiyo. Lakini mtu wa Mombasa alivitia vyote tui, ndimu na subira, akavipa saa zake za kuliwa, na sasa huwezi kumwambia kwamba si vyake.

Hapo pia ndipo nilipomweleza jambo ambalo sipendi kulinyamazia. Bei nafuu haimaanishi kwamba kila karai ni salama. Miaka michache iliyopita niliumwa na tumbo siku tatu kwa sababu ya sambusa nilizonunua kwa haraka kwenye steji, na baadaye nikakumbuka kwamba dalili zote zilikuwepo mbele ya macho yangu: mafuta yalikuwa meusi kama ya gari, sambusa zilikuwa zimepoa, na hapakuwa na mteja mwingine ila mimi. Tangu siku ile natazama rangi ya mafuta kabla ya kutazama chakula, natafuta mahali ambapo watu wa mtaa wenyewe wamesimama kwa foleni, hasa kina mama wanaowanunulia watoto, na pasipokuwa na maji ya kunawa na sabuni napita.

Kahawa tuliinywa barazani hatua chache kutoka hapo, chungu, yenye tangawizi, ikimiminwa kutoka kwenye dele la shaba lililowekewa makaa chini yake, pamoja na kashata za nazi. Ilitugharimu shilingi 60 kwa wawili. Wazee wawili waliokuwa wakicheza bao walimsogezea shemeji nafasi bila kukatiza mchezo, naye akakaa.

Magharibi ilipokaribia tulipanda tuktuk hadi Mama Ngina. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, lakini mibuyu ni ile ile na watu wanakuja kwa sababu ile ile: upepo, meli zinazopita karibu sana zikielekea Kilindini, na mihogo. Muhogo unachomwa ukiwa umemenywa, unapasuliwa katikati, na ndani ya ufa ule muuzaji anasugua kipande cha ndimu kilichochovywa kwenye chumvi na pilipili ya unga. Kwa dafu nilimwachia shemeji achague, nikamwambia kwanza kwamba nazi kwetu ina umri kama mtu: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Na ndani ya udafu wenyewe kuna la maji matupu na kuna lililoanza kufanya nyama laini. Alichagua la nyama. Muuzaji akaligonga kwa kidole, akaliacha, akagonga la pili, akalichukua. Alipokwisha kunywa, akalipasua kwa panga na kumchongea kijiko kutoka kwenye kumbi la dafu lile lile.

Tulimalizia Bondeni usiku, kwenye mishkaki iliyolazwa ndani ya tangawizi, thomu na papai bichi, ambalo ndilo linalolainisha nyama, tukaila kwa chapati pembeni ya barabara. Shemeji ni mhasibu. Alikuwa amenyamaza kwa muda, nami nikadhani amechoka, kumbe alikuwa akijumlisha. Ukiacha nauli, kila tulichokula na kunywa wawili tangu alfajiri kilikuwa kimegharimu shilingi 1,640, na samaki wake mmoja wa mwaka jana alikuwa shilingi 1,800. Alinionyesha hesabu hiyo kwenye simu yake, akaifuta, akauliza bibi wa Majengo huanza kupakua saa ngapi.

Treni yake ya siku iliyofuata ilikuwa ya alasiri. Asubuhi nilipoamka nilikuta mlango wa mbele umefungwa kwa komeo moja tu, na mke wangu akaniambia kwamba shemeji alimwomba bakuli lenye mfuniko tangu saa kumi na mbili kasoro. Alirudi akiwa amelishika kwa mikono miwili, mbaazi zikiwa zimejaa hadi pomoni, na mahamri kumi na mawili ndani ya gazeti, na akatuamuru sote tukae mezani kabla hayajapoa.